Soin-Koru si bwawa la watu wa Koru tu: Maswali ambayo wewe wa Nyalenda unafaa kuuliza

Mvua ikinyesha usiku Londiani na Tinderet, wewe uko Nyalenda umelala na hujasikia hata tone moja kwenye mabati. Asubuhi jua limewaka kama kawaida, boda wako barabarani, mama wa chapati ameshawasha jiko. Kufika jioni simu inalia. Ni mtu wenu wa Kano. Nyando imevunja kingo, maji yako ndani ya nyumba hadi magotini, na anauliza kama anaweza kuja na watoto kwa siku chache. Keja yako ni chumba kimoja. Utamwambia nini? Utamwambia aje, halafu mtasongana.

Ndiyo maana nikisikia mtu wa mtaa akisema bwawa la Soin-Koru ni mambo ya watu wa Muhoroni na Kericho, huwa namuuliza mafuriko ya Kano yanaishia wapi. Yanaishia kwa vyumba vyetu. Yanaishia kwa bei ya sukuma wiki na nyanya pale Kibuye, na kwa foleni ya mitungi kwenye kioski cha maji. Kwa hivyo tukae chini tuelewane: hili bwawa ni la nini, litatusaidia wapi, halitatusaidia wapi, na wewe unafaa kuuliza nini kabla mabilioni hayajaisha.

Bwawa lenyewe ni lipi?

Mto Nyando una urefu wa kilomita 150 hivi. Maji yake yanatoka vilima vya Nandi, Tinderet na Londiani, yanashuka kwa kasi kupita mashamba ya chai na miwa, halafu ghafla yanafika uwanda wa Kano ambao ni tambarare kama meza. Hapo mwendo unapungua. Mto unaangusha tope lililobebwa kutoka juu, sakafu yake inapanda, na maji yanakosa nafasi. Kilichobaki ni kumwagika: Ahero, Kakola, Ombaka, Kochogo, hadi kinamasi cha Nyando kabla ya kuingia Nam Lolwe kupitia ghuba ya Winam. Ukiwauliza wazee watakutajia 1961 na 1962, kisha El Nino ya 1997 na 1998. Wewe mwenyewe unakumbuka 2020 na 2024.

Mpango ni kuziba mto huu kwa ukuta mpakani mwa Kaunti za Kisumu na Kericho, Koru upande huu na Soin upande ule. Mwenye mradi ni Mamlaka ya Kitaifa ya Uvunaji na Uhifadhi wa Maji, na gharama iliyotangazwa ni Sh19.9 bilioni. Bwawa linatarajiwa kubeba zaidi ya mita za ujazo milioni 90 za maji. Kutoka hapo tunaambiwa tutapata karibu mita za ujazo 70,000 za maji ya matumizi kila siku, megawati 2.5 za umeme, maji ya kunyunyizia mashamba, na zaidi ya yote, tutapata ahueni ya mafuriko.

Hizo 70,000 kwa siku ni ngapi? Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Ukigawa kwa mtungi wa lita 20, ni mitungi milioni 3.5 kila siku. Wewe unayenunua maji kwa mtungi unajua hiyo si hesabu ya kuchezea. Umeme nao usikudanganye. Sondu Miriu, hapo jirani tu, inatoa megawati 60. Megawati 2.5 ni kitu kidogo, kwa hivyo mtu akikuuzia bwawa hili kwa sababu ya stima, mwambie aanze upya. Kazi kubwa hapa ni maji na mafuriko.

Wazo lenyewe si geni. Limezungumziwa kwa miongo, limeahidiwa kwenye kampeni moja baada ya nyingine, na hata baada ya mkandarasi kuingia kazi imekuwa ikisuasua kwa sababu ya pesa na fidia ya ardhi.

Kazi nyingi, tenki moja

Sasa hapa ndipo utamu ulipo, na ndipo wanasiasa wengi huruka haraka. Bwawa la matumizi mengi lina ugomvi ndani yake.

Fikiria tenki la plastiki la plotini kwenu. Mama anataka tenki lijae kila wakati, kwa sababu maji ya mfereji yanaweza kukatika kesho. Lakini wewe unataka mvua ikinyesha usiku tenki hilohilo likinge maji yote ya paa yasiingie chumbani. Haiwezekani. Tenki lililojaa halikingi kitu. Tone la kwanza likiingia, tone lingine linamwagika.

Bwawa ni hivyo hivyo. Mkulima wa mpunga na kampuni ya maji wanataka lijae kabla ya kiangazi. Mtu wa Kakola anataka liwe na nafasi tupu kabla ya mvua za Machi hadi Mei, na tena kabla ya vuli za Oktoba hadi Desemba. Wote wana haki na wote wanalipa kodi. Lakini lita moja ya nafasi haiwezi kuwa imejaa na tupu kwa wakati mmoja.

Tufanye hesabu, na haihitaji digrii. Chukua bwawa la mita za ujazo milioni 90. Tuseme limejazwa asilimia 80 kwa ajili ya umwagiliaji. Nafasi iliyobaki ni milioni 18. Tuseme mvua kubwa imenyesha juu na mto unaleta mita za ujazo 500 kila sekunde. Hiyo 500 ni ya mfano tu, ili uone jinsi mambo yanavyokwenda. Gawa milioni 18 kwa 500: ni sekunde 36,000. Hiyo ni saa kumi pekee. Mvua ikianza magharibi, alfajiri bwawa limeshajaa pomoni na maji yanapita juu kwenda Ahero kana kwamba hakuna ukuta.

Sasa rudia hesabu bwawa likiwa nusu. Nafasi ni milioni 45, na mto huohuo utachukua saa 25 kulijaza. Saa 25 ni siku nzima ya watu kuhamisha ng'ombe, vitanda na wagonjwa. Huenda mvua yenyewe ikawa imeshapungua kufikia hapo. Ukuta ni uleule, pesa ni zilezile, kilichobadilika ni uamuzi wa mtu mmoja ofisini kuhusu kiwango cha maji.

Kwa hivyo swali la kwanza la kuuliza si ukuta una urefu gani. Uliza: kuna kanuni ya maandishi inayosema tarehe fulani maji yasizidi kiwango fulani? Nani ataifuata, na nani atamwajibisha asipoifuata? Bila hiyo kanuni, kila mwaka mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda, na mwenye sauti kubwa si mama wa Ombaka.

Tana na Rufiji wameshayaona

Hii si nadharia. Kenya ina Masinga, lililokamilika 1981 kwenye mto Tana, na lina uwezo wa zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Yaani ukichukua Soin-Koru unaweza kuliingiza humo zaidi ya mara 15. Lakini mvua za Aprili na Mei 2024 zilijaza Masinga hadi likafurika, na wenzetu wa Garissa na Tana River wakalala majini. Bwawa lilijengwa kwa ajili ya umeme na maji, na likishajaa halina la kufanya ila kupitisha.

Vukia Tanzania. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilizama, na mjadala mkubwa ukazuka kuhusu bwawa la Julius Nyerere. Wakazi walilalamika kwamba maji yaliyofunguliwa ndiyo yaliyowamaliza. Upande wa serikali ulijibu kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Sitaki kuamua kesi yao hapa. Ninachotaka uone ni kwamba bwawa likishakuwepo, mafuriko hayawi tena ya Mungu peke yake. Kuna mtu aliyefungua au hakufungua lango, na watu wa chini wana haki ya kujua alifanya hivyo lini na kwa nini.

Kwa hivyo weka hili kwenye orodha yako: onyo. Wakitaka kufungua maji Koru saa nane usiku, mtu wa Ahero atajuaje? Kwa ujumbe wa simu? Redio za Kidholuo? King'ora? Chifu? Ukuta wa mabilioni bila mfumo wa onyo wa pesa kidogo ni hatari kuliko mto wenyewe, kwa sababu watu watajenga karibu zaidi na kingo wakidhani wako salama.

Mto wa pili hauna ukuta

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana kwenye mikutano. Nyando ina matawi mawili makubwa. Moja linapita Koru na Muhoroni, na hilo ndilo linalozibwa. La pili ni Ainapng'etuny, linaloteremka kutoka upande wa Nandi na Tinderet na kujiunga na mwenzake huku chini, kabla ya Ahero. Bwawa likiwa Koru, halishiki hata tone la Ainapng'etuny.

Ongeza Ombeyi na Oroba zinazoshuka kutoka ukingo wa Nandi na kumwaga maji Kano bila kupita karibu na Koru. Ongeza Awach Kano upande wa pili. Mvua ikichagua kunyesha Nandi badala ya Londiani, bwawa linaweza kuwa limetulia kimya huku watu wa Kano wakiogelea.

Je, hiyo inamaanisha bwawa ni bure? Hapana. Kuondoa sehemu kubwa ya maji ya mto mmoja kunapunguza kimo cha mafuriko Ahero, na nusu mita ya maji inaweza kuwa tofauti kati ya kulowa sakafu na kupoteza ukuta wa nyumba. Lakini mtu akisimama jukwaani akwambie Soin-Koru itamaliza mafuriko Kano, jua anakuongezea chumvi. Kano inahitaji bwawa pamoja na kingo zilizotunzwa, mitaro iliyochimbuliwa, miti huko juu, na ikiwezekana vizuizi vidogo kwenye mito mingine.

Na sisi wa Nyalenda je?

Tukubali ukweli. Nyando haipiti Nyalenda. Maji yanayokuingilia wewe Western, Got Owak au Nanga hayatoki Koru. Yanatoka Auji, ule mto unaopita Manyatta na Nyalenda kabla ya kumwaga upande wa Dunga. Yanatoka Wigwa. Yanatoka kwenye mtaro wa jirani uliozibwa na chupa za plastiki, nepi na mabaki ya mjengo. Na yanatoka ziwani kwenyewe.

Hili la ziwa lielewe vizuri. Mei 2020 Nam Lolwe ilipanda hadi ikapita kidogo kiwango cha 1964, ambacho kilikuwa rekodi ya miaka zaidi ya 50. Mei 2024 rekodi hiyo nayo ikavunjwa. Ziwa likiwa juu hivyo, mito midogo kama Auji haina pa kwenda. Maji yanafika mdomoni mwa ziwa yanakuta mlango umefungwa, yanarudi nyuma, na vyoo vya shimo vinafurika. Baada ya hapo ni kuhara, na kila mvua kubwa tunaomba Mungu isiwe kipindupindu.

Soin-Koru haitashusha ziwa. Nam Lolwe ina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800. Ukichukua maji yote ya bwawa lililojaa ukayatandaza juu ya ziwa, ni unene wa milimita moja na kidogo, chini ya upana wa njiti ya kiberiti. Kwa hivyo mtu akikwambia subiri bwawa, mitaro ya Nyalenda itakaa sawa, huyo anataka uache kumsumbua. Mitaro ya mtaa ni kazi ya kaunti, na haihitaji kusubiri Sh19.9 bilioni za mtu mwingine.

Lakini tuko ndani ya hesabu kwa njia nyingine tatu. Ya kwanza ni wageni. Mafuriko ya Kano yakipungua, familia chache zitakimbilia vyumba vyetu. Ya pili ni maji ya kunywa. Leo Kisumu inategemea mitambo ya Dunga inayovuta kutoka ziwani na ile ya Kajulu inayochukua kutoka mto Kibos. Kama bomba la Soin-Koru litafika mjini au litaishia miji ya huko juu na Kano ni jambo la kuuliza mapema, kwa sababu bomba likishazikwa ardhini halihamishwi kwa maandamano. Ya tatu ni chakula.

Mchele, pampu na stima

Ukinunua mchele wa Ahero dukani, huwa unajiuliza kwa nini bei inaruka? Sehemu ya jibu ni bili ya stima. Mradi wa mpunga wa Ahero ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, na West Kano ukafuata katikati ya miaka ya 1970. Ahero inavuta maji kutoka mto Nyando kwa pampu, na West Kano inavuta kutoka ziwani. Pampu zinataka umeme, umeme unataka pesa. Mara kwa mara umeme umekatwa kwa sababu ya madeni, na mpunga ukakaukia shambani hatua chache tu kutoka mtoni. Kuelekea mwaka 2000 mradi wa Ahero ulisimama kabisa kwa miaka kadhaa kabla ya kufufuliwa.

Ona kejeli yake. Mkulima huyohuyo mwezi wa Mei anapoteza miche kwa sababu maji ni mengi, na mwezi wa Januari anapoteza miche kwa sababu maji ni machache. Mto ni mmoja, tofauti ni tarehe. Hapo ndipo bwawa lina maana ya kweli: kuchukua maji ya Mei na kuyapeleka Januari.

Lakini hapa pia kuna mtego. Bwawa likijengwa Koru bila mfereji wa kupeleka maji shambani kwa mteremko, maji yatateremka mtoni vilevile hadi Ahero, na mkulima atawasha pampu ileile na kulipa bili ileile. Mto hautakauka Januari, sawa, lakini gharama haitashuka. Kwa hivyo uliza kama mfereji uko kwenye bajeti hii, au ni awamu ya pili. Ukiambiwa awamu ya pili, uliza mwaka gani. Kenya ina mabwawa ambayo awamu ya pili imekuwa hadithi ya kulalia.

Kijana wa Nyalenda ana nini hapa? Ana mengi. Mpunga unaolimwa mara mbili kwa mwaka bila kukatizwa unataka watu wa kupanda, kuvuna, kukoboa, kubeba, kufunga na kuuza. Lori linataka dereva, na duka la dawa na mbegu linataka mwenye duka. Hizo ni kazi za umbali wa nauli ya matatu kutoka hapa hadi Ahero. Wengi wetu tuko mtaani na vyeti au bila vyeti tukingoja kazi ya ofisi ambayo haiji.

Tope ndilo adui asiyetajwa

Bwawa halifi kwa kupasuka tu. Mengi hufa polepole kwa kujaa tope. Nyando inajulikana miongoni mwa watafiti kama mmoja wa mito inayopeleka udongo mwingi zaidi Ziwa Victoria kutoka upande wa Kenya. Watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha misitu, ICRAF, wamepima na kuandika kuhusu makorongo ya bonde hili kwa miaka. Udongo huo unatoka mashamba ya mteremko, njia za ng'ombe, na misitu iliyokatwa.

Sasa weka ukuta mbele ya mto kama huo. Maji yanasimama, udongo unatua, na kila mwaka nafasi ya maji inapungua. Masinga yenyewe imepoteza nafasi kwa tope haraka kuliko wahandisi walivyotarajia. Soin-Koru ni ndogo kuliko Masinga kwa zaidi ya mara 15, kwa hivyo haina nafasi ya kupoteza.

Dawa yake inajulikana: miti na majani kwenye miteremko, matuta, kuziba makorongo, na kuwalipa wakulima wa juu wanaotunza ardhi. Hiyo haina picha nzuri ya kukata utepe, ndiyo maana huwa haiwekewi pesa. Uliza kiasi gani cha Sh19.9 bilioni kimetengewa ardhi iliyo juu ya bwawa. Kama jibu ni sufuri, unajua watoto wako watarithi nini.

Walio juu wanapoteza nini

Tusiwe wachoyo. Sisi wa chini tunaomba bwawa, lakini anayetoa shamba ni mtu wa Soin na Koru. Nyumba yake, miwa yake, kaburi la baba yake, vyote vitakuwa chini ya maji ili mtu wa Kano alale pakavu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 40, inasema serikali ikichukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma lazima ilipe fidia ya haki, kamili na kwa haraka. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo yenye kazi hiyo. Fidia ikichelewa, mtu anaishi bila kujua kama apande mahindi msimu huu au afungashe. Hawezi kukarabati nyumba, hawezi kuuza, hawezi kukopa.

Na pale mpakani, ambapo Wakipsigis na Wajaluo wamewahi kugombana kwa mambo madogo kuliko haya, fidia isiyolipwa ni petroli. Ukiona kijana mwenzako wa Kericho anapinga bwawa mtandaoni, usikimbilie matusi. Muulize kwanza kama wamelipwa. Haki yake na usalama wa shangazi yako wa Kano viko kwenye faili moja.

Kuna usalama pia. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba la Patel lilipasuka Solai, Nakuru, na kuua watu wasiopungua 47 usiku. Lile lilikuwa bwawa la mtu binafsi, na Soin-Koru ni mradi wa serikali wenye wahandisi, lakini somo ni lilelile. Bwawa linahitaji mkaguzi asiye rafiki wa mjenzi, na ripoti zake zisomwe na watu wa Muhoroni walio chini ya ukuta.

Kuhusu pesa, historia yetu unaijua. Bwawa la Itare huko Kuresoi lilikwama baada ya mkandarasi wake kutoka Italia kuingia kwenye shida ya kifedha. Kimwarer, Elgeyo Marakwet, lilifutwa 2019 katikati ya kashfa. Kwenye kesi ya mabwawa hayo ya Arror na Kimwarer, Desemba 2023 washtakiwa waliachiliwa huru mahakamani, na mwananchi hakubaki hata na glasi ya maji. Hatutaki Koru ibaki na shimo na uzio.

Maswali ya kubeba mkutanoni

Kushirikishwa si hisani ya mheshimiwa. Kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushiriki wa wananchi kama mojawapo ya maadili ya kitaifa, Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 43 kinasema una haki ya maji safi na salama ya kutosha. Mradi wa ukubwa huu lazima pia ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMA, na ripoti hiyo mwananchi anaruhusiwa kuisoma na kutoa maoni.

Kwa hivyo baraza likiitwa, au ukikutana na MCA wako akinunua mbuta Dunga, usimwombe fulana. Muulize haya:

Kiwango cha maji bwawani kitakuwa kipi kila ifikapo Machi mosi, na kanuni hiyo imeandikwa wapi?

Wakifungua maji usiku, watu wa Ahero na Kakola wataambiwa vipi, na saa ngapi kabla?

Ainapng'etuny, Ombeyi na Awach Kano zina mpango gani, kwa sababu ukuta wa Koru hauzigusi?

Mfereji wa kupeleka maji mashambani bila pampu uko kwenye bajeti ya sasa au la?

Bomba la maji ya kunywa litafika wapi, na bei ya mtungi kwenye kioski itashuka?

Wangapi wameshalipwa fidia Soin na Koru, na waliobaki watalipwa lini?

Pesa za kuzuia tope huko juu ni kiasi gani?

Na la mwisho, la kwetu: mtaro wa Auji utachimbuliwa lini?

Hilo la mwisho usikubali lizimwe na jina la bwawa. Mtu anaweza kutetea Soin-Koru na bado akadai mitaro ya Nyalenda wiki hiihii. Si lazima uchague moja. Mvua za Machi hazitangoja mkandarasi wala uchaguzi, na chupa zilizoziba mtaro wa hapo nje hazikutupwa na watu wa Kericho.

Ukienda kwenye baraza, nenda na wenzako watatu au wanne, kila mmoja na swali lake, na mwandike majibu pamoja na jina la ofisi iliyojibu. Mwaka ujao mrudi na karatasi hiyohiyo. Na yule mtu wenu wa Kano akipiga simu tena jioni, utamwambia aje, halafu utamwonyesha ile karatasi, kwa sababu swali la onyo na la Machi mosi ni lake kuliko lako.